Mabaka Nyuma ya Mimbari

Nje kidogo ya mji wa Mbarara kuna kanisa la Wakatoliki ambalo nimeliingia mara mbili tu, na mara zote mbili sikwenda kusali. Mara ya kwanza nilikuwa nakimbia mvua; ya pili nilirudi kutazama kuta tu. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni na nilikuwa nimekwisha kujivua imani kama mtu anavyovua sweta linalombana, kwa kuvuta kwa nguvu na kuvuruga nywele. Niliposukuma mlango, kilichonipokea hakikuwa ubani wala mishumaa. Ilikuwa harufu ya udongo wa kichuguu uliokorogwa na uji wa muhogo, harufu inayozidi ukali ukuta unapopata unyevu. Nilijua rangi hiyo ni ya nani kabla ya kuinua macho. Ukutani palikuwa na picha za njia ya msalaba, na hapakuwa na hata moja yenye mstari. Mtu aliyezichora hakuamini mistari. Alikuwa kaka wa mama yangu, na wakati huo alikuwa ameshafariki.

Katekista aliyekuwa akifagia aliniambia, kwa kujivuna kidogo, kwamba mchoraji alikuwa mkimbizi fulani kutoka kambi ya Nakivale, mtu mkaidi. Alimchora Bwana akianguka chini ya msalaba, tena na tena, lakini yeye mwenyewe hakupiga goti humo ndani hata siku moja. Alisema yeye ni Mprotestanti. Sikumwambia katekista kwamba namjua. Nilisimama pale nikicheka peke yangu, maji ya mvua yakinitiririka shingoni, kwa sababu nilijua jinsi Waprotestanti wenzake walivyomtendea, na kumbe miaka yote hiyo bado alikuwa akiwatunzia magoti yake.

Sisi wa rika langu tuliokulia Nakivale tunajua jinsi watu wanavyotusimulia. Wanasema tulilelewa kwa kupewa: tulipewa mahindi, tukapewa mafuta, tukapewa turubai. Ni kweli, tulipewa. Lakini mimi nililelewa pia na mtu aliyekataa, na sijaona anayeandika habari za watu wa namna hiyo.

Mjomba Wilondja aliishi nyuma ya nyumba yetu kule Juru, upande wetu wa Nakivale, katika kibanda kilichokuwa na mlango mkubwa kuliko haja yake, kwa sababu alipenda mwanga. Kwetu Kongo, upande wa Kivu Kusini unaotazama ziwa, alikuwa mchoraji wa vibao. Alichora vichwa vya saluni, samaki wa mikahawa, na majina ya maboti. Kisha vita vikaja, na jeshi moja kati ya majeshi mengi yaliyopita kwetu likasikia kwamba kuna mtu anayejua rangi. Walimchukua akiwa juu ya ngazi. Kwa muda mrefu, sijui mrefu kiasi gani, kazi yake ilikuwa kupaka malori ya kijeshi ili yasionekane milimani: udongo, masizi, mawese, majani yaliyopondwa. Wakubwa walipozungumza habari hiyo walishusha sauti, na walisema daima kwa maneno yale yale, kwamba Wilondja alikuwa anayafanya magari yapotee.

Mtoto hupokea maneno kama yalivyo. Mimi niliamini kwamba mjomba wangu alikuwa na rangi ya kupoteza vitu. Nilichunguza makopo yake aliyoyapanga kando ya kibanda, nikijiuliza lipi ni lile. Nilikataa kabisa kuyagusa. Kuku wetu mmoja alipotoweka nilinyamaza, lakini moyoni nilijua alikuwa amejipakaza kwa bahati mbaya na sasa anatembea uani bila mtu kumwona, na kwa siku kadhaa nilitembea nikiburuza miguu ili nisimkanyage.

Ningeweza kuishia hapo na ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Lakini baba yangu naye alikuwa amepotea. Alipotea njiani tulipokuwa tunakimbia, mimi nikiwa mgongoni kwa mama, na hakuna aliyeniambia amekufa kwa sababu hakuna aliyejua. Walisema tu: baba yako alipotea. Neno lilikuwa lile lile. Mnaona jinsi akili ya mtoto ilivyofanya hesabu yake.

Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Hapo Juru alipaka milango, alipaka masanduku ya maharusi, mara moja alipaka baiskeli ya mtu hadi watu wakawa wanaifuata barabarani. Hakuchora kwanza akajaza baadaye kama tulivyofundishwa shuleni. Alibandika baka moja la rangi, akarudi nyuma mbio hadi mwisho wa ua, akakunja macho kama mtu anayetazama jua, akarudi, akabandika jingine. Majirani walidhani ni wazimu wa vita. Nilimwuliza kwa nini anakimbia, akaniambia kwamba jicho halitafuti kitu, linatafuta ukingo wake. Ukiuvunja ukingo, kitu kinaingia ndani ya vingine. Ukiurudisha kidogo, kidogo tu, kinatoka. Nilikuja kuyasoma hayo miaka mingi baadaye katika maktaba ya chuo, katika kitabu cha wanyama na rangi zao, nikaona aibu kwa niaba ya kitabu, maana kilichukua kurasa nyingi mno.

Kanisa letu lilikuwa refu na jembamba. Lilianza dogo, kisha kila watu wapya walipofika kutoka Kongo lilirefushwa kwa nyuma, tofali za udongo juu ya tofali za udongo, hadi likawa kama ghala la mahindi. Mbele palikuwa na jukwaa. Pale walikaa wazee wa kanisa na kwaya, wakitutazama sisi, migongo yao ikiwa ukutani. Ndivyo ilivyokuwa kwetu na ndivyo ilivyo hadi leo katika makanisa mengi ya watu wetu: wakubwa hukaa wakiwatazama watu. Wanaume walikaa mabenchi ya mbele, wanawake nyuma yao, watoto kwenye mikeka kando na nyuma. Na mwisho kabisa, karibu na mlango, lilikuwepo benchi moja lisilo na egemeo. Hilo lilikuwa la waliofungiwa Meza ya Bwana. Sisi watoto tuliliita mahabusu.

Aliyefungiwa Meza aliruhusiwa kuimba na kutoa sadaka. Kilichokatazwa ni mkate na kikombe. Jumapili ya ushirika sinia lilipita benchi hadi benchi, vipande vya mkate ulionunuliwa sokoni Rwekubo na soda nyekundu kwenye vikombe vidogo, likafika kwa wanawake wa mwisho, likageuka. Benchi la mahabusu lilitazama sinia likigeuka. Watu walikaa pale kwa ulevi, kwa ugomvi, kwa mke wa pili, na hawakukaa muda mrefu. Kurudi kulikuwa rahisi: ulisimama mbele, ukataja kosa lako, ukasema umetubu, watu wakakupigia makofi, ukala. Mjomba Wilondja alikuwa amekaa pale tangu nilipoanza kukumbuka.

Hapa lazima niwe mwadilifu, maana nilipoivua imani nilijiahidi kuhoji kila kitu, pamoja na watu wangu mwenyewe. Pasta Asukulu, aliyemweka pale, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mwembamba anayelima maharagwe yake mwenyewe na kuwapa wajane mavuno ya kwanza. Na alikuwa na mwana. Mwana huyo aliuawa kwenye kona ya barabara ya milimani na askari waliokuwa ndani ya lori ambalo, kwa maelezo ya walionusurika, hakuna aliyeliona mpaka lilipokuwa juu yao. Hakuna aliyejua kama ni lori lililopakwa na mjomba. Hakuna aliyejua kama silo.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya mkutano wa kanisa, baada ya ibada. Pasta alimwita mjomba mbele. Hakufoka. Alimwomba.

"Wilondja, ndugu yetu, tunakuomba neno moja tu. Sema umetubu, ukule na wengine."

"Nitubu nini, Pasta?"

"Ulipakaka magari ya baaskari. Zile gari ziliua batu."

Mjomba akagusa kisogo chake. "Bunduki ilikuwa hapa."

"Tunajua. Hakuna mwenye anasema ulipenda."

Mama yangu pale kwenye kwaya alikuwa amekunja kitambaa chake cha mkononi hadi kikawa kamba. Kila mtu aliona kwamba mlango umefunguliwa. Ilibaki kupita tu. Mjomba alisimama akifikiri, na alipofungua mdomo alisema kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

"Ningeweza kuifanya ile kazi mubaya," akasema. "Kuacha kioo king'ae. Kuacha kona moja ionekane. Wale baaskari hawangejua. Sikuacha. Niliifanya muzuri, Pasta, sababu mukono wangu haujue kufanya mubaya."

Pasta akainamisha kichwa. "Basi tubu hiyo."

"Hiyo siwezi. Nikitupa mukono, nitapokea mukate na nini?"

Mzee mmoja akacheka bila kutaka, akakohoa kuficha. Na hapo ndipo mimi nilipoinuka kwenye mkeka. Sikuwa na ujasiri wowote, msinisingizie. Nilikuwa tu nimengoja muda mrefu mtu aulize, na hakuna aliyeuliza. Nikasema kwa sauti ya kuitikia darasani:

"Mujomba, baba ulimupaka rangi gani? Umuoshe, arudi."

Mjomba alinitazama. Baadaye, nilipokuwa mkubwa, nilielewa kwamba hakuwa amejua kabla ya hapo nilichokuwa nakiwaza nilipochungulia makopo yake.

"Faida," akasema, "baba yako sikumupaka. Kama ningemupaka, angekuwa hapa."

Akashuka, akapita katikati ya watu, akaenda kukaa kwenye benchi lake. Nimeligeuza jibu lile pande zote. Lina huzuni ndani yake na lina majivuno, na sijui kipi kilitangulia. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile sikumwaza tena yule kuku.

Nyumbani mama alinishika sikio, kisha akaliachia, akaenda kumkabili kaka yake. Niliwasikia kupitia ukuta. Mama alimwambia aseme tu, ni neno, Mungu anajua kilicho moyoni. Mjomba akajibu kwamba kama Mungu anajua, basi hilo neno ni la kazi gani. Mama akasema ni la watu. Alikuwa amechoka kuimba mbele ya watu wanaomhurumia. Alikuwa amechoka kila ushirika kupokea mkate na kuumeza akimtazama ndugu yake wa pekee kule mwisho akiwa na mikono mitupu magotini. Mama hakulirudia tena ombi hilo.

Ukuta wenyewe ulikuja kwa njia ya mvua. Masika yale yalipiga vibaya, na ukuta wa nyuma ya mimbari ulibomoka sehemu, ukazibwa kwa udongo wa rangi nyingine, ukawa na madoa kama mbwa mwenye upele. Wakati huohuo habari zikaja kwamba mchungaji mmoja wa Mbarara atakuja kututembelea. Wazee wakaona haya. Mtu pekee wa kuuweka sawa ukuta ule alikuwa anakaa benchi la mwisho, nao walilijadili jambo hilo siku nyingi. Sisi si watu wa sanamu. Kanisani kwetu hapakuwa na picha, hapakuwa na msalaba, hata kalenda yenye malaika iliwahi kuondolewa. Mwishowe wakakubaliana na mjomba kwa masharti: apake rangi tu. Asichore mtu, asichore mnyama, asichore hata jani.

Mjomba aliwajibu kwamba atapaka mabaka. Wakaridhika.

Alifuata udongo mweupe upande wa Rugaaga kwa baiskeli, mwekundu akauchimba kwenye vichuguu vya Juru, na masizi meusi akayatoa jikoni kwetu. Kila siku alibandika, akakimbia hadi mlangoni, akakunja macho, akarudi. Na kila jioni Pasta Asukulu alikuja kukagua. Alikuwa mtu wa kufanya kazi kwa uangalifu. Alipanda jukwaani, akakaribia ukuta hadi pua yake ikakaribia kuugusa, akaupitia kutoka kushoto hadi kulia kama anayesoma. Aliona kahawia, nyeupe, kijivu, mabaka makubwa kama viganja na mengine kama majani ya mgomba. Aliridhika kwamba hapana mtu. Siku ya mwisho aliweka mkono juu ya ukuta mbele ya wazee wote akasema ni kazi safi, haina doa la dhambi.

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye mkeka wa nyuma. Kwaya ilikuwa inaimba. Nilikuwa nimeinamia kidole changu cha mguu nikichokoa funza. Nilipoinua kichwa, ukuta ulikuwa umejaa watu.

Walikuwa wanaingia majini. Wengi, wanaume kwa wanawake, wamepandisha nguo, wengine wamebeba mizigo kichwani, mmoja amebeba mtoto mabegani. Maji yalikuwa yanawafika magotini na mbele yao palikuwa na mtu ameinua mkono. Nilipiga hatua chache mbele, wakapotea, yakabaki mabaka. Nikarudi, wakarudi. Nilimtazama mwanamke aliyekuwa jirani yangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kinywa chake kilikuwa kinaendelea kuimba kama kawaida.

Hakuna aliyesema kitu. Hilo ndilo ninalolishangaa hadi leo. Wanawake wote wa nyuma, watoto wote wa mikeka, walevi wa mahabusu, sote tuliona, na kwa miezi hakuna aliyefungua mdomo mbele ya mzee yeyote. Visimani ndiko lilikozungumzwa. Wengine walisema ni ubatizo wa Yordani. Wengine walisema ni Waisraeli na Bahari ya Shamu. Wengine walicheka wakasema ni sisi tu, usiku ule tulipovuka mto tukikimbia vita. Kila mtu alimpata mtu wake. Pembeni kulikuwa na kijana aliyekunja suruali, na wanawake waliapa kwamba ni mtoto wa Pasta. Mimi nilikuwa na wangu, na sitasema ni yupi. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba jicho lenye njaa hutengeneza sura hata kwenye moshi. Najua. Nilikaa mkeka wa nyuma kila Jumapili hata hivyo, na nilimpiga mtoto mmoja aliyetaka kuninyang'anya nafasi.

Waliokuwa hawajui ni wale waliokaa jukwaani, kwa sababu migongo yao ilikuwa kwa ukuta. Wazee hawakujua. Wanaume wa mabenchi ya mbele walikuwa karibu mno. Na mama yangu hakujua, kwa kuwa alikuwa kwenye kwaya. Yaani alisikia, maana visimani husikika kila kitu. Lakini hakwenda nyuma kutazama. Nilipomsihi aliniambia nisimtie katika mambo hayo. Aliogopa, sikumlaumu. Kwaya ilikuwa kitu pekee alichobaki nacho kutoka kwetu.

Mchungaji wa Mbarara alikuja siku ya mvua. Alishuka Rwekubo, akachukua pikipiki, pikipiki ikakwama matopeni, akafika kanisani ibada imekwisha kuanza. Kwa unyenyekevu wake hakutaka kukatiza wimbo, akakaa nyuma kabisa, kwenye mahabusu, kando ya mjomba wangu. Alipoitwa mbele kusalimu watu alikuja akitabasamu, akasema kwa Kiswahili chake cha Kiganda:

"Mimi nafurahi sana kukuja hapa. Na hii picha yenu iko nzuri sana. Hawa batu wote naingia kwa maji. Banange, ndugu zangu, imegusa roho yangu kabisa."

Wazee walitazamana. Mmoja aligeuka akautazama ukuta, akaona mabaka, akageuka tena. Pasta Asukulu alimshukuru mgeni, akasema labda mvua imemwingia machoni. Watu walicheka, lakini si wanawake wa nyuma.

Baada ya ibada wazee wengine wawili walikwenda mlangoni, wakageuka, wakarudi wamebadilika rangi. Walimwita Pasta aende naye aone. Alikataa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikamsikia akisema amekwisha kuukagua ukuta huo kwa macho yake na kwa mkono wake, amekwisha kuubariki, na hapana picha. Nadhani niliona katika uso wake jambo ambalo wakati huo sikuwa na jina lake. Lazima naye alikuwa amesikia kinachosemwa visimani juu ya yule kijana wa pembeni. Hakuwa anaogopa dhambi. Alikuwa anaogopa kuona.

Hivyo hawakuupaka chokaa. Kuupaka kungekuwa kukiri kwamba Pasta alidanganyika. Walifanya jambo ambalo hadi leo nikiwasimulia watu chuoni wanadhani nalitunga: walisogeza mabenchi. Yote yalivutwa mbele, yakabanana, magoti yakigusa migongo, mikeka ya watoto ikawekwa miguuni pa jukwaa, mpaka kanisa zima likawa karibu mno na ukuta kiasi cha kutoona chochote. Nyuma palibaki sakafu tupu, ndefu, ya udongo uliofagiwa. Na mwisho wa sakafu hiyo lilibaki benchi moja. Lisingeweza kusogezwa, kwa sababu kanuni inasema waliofungiwa Meza wakae mbali. Kwa hiyo katika kanisa letu lote, wenye dhambi pekee ndio waliobaki na picha.

Ilikuwa mzaha mkubwa, na mjomba aliuelewa. Alikaa pale peke yake, amenyoosha miguu, kama mtu aliyekata tikiti. Lakini Jumapili ya ushirika ilipofika hakunyoosha miguu. Aliweka mikono magotini kama kawaida.

Nilikuwa kwenye mkeka wa mbele nikigeuza shingo mara mbele mara nyuma. Kwaya ndiyo iliyohudumiwa kwanza. Mama alipokea kipande chake, na badala ya kukitia kinywani alibaki nacho kwenye kiganja. Wenzake walitafuna, yeye hakutafuna. Kisha akashuka jukwaani.

Alipita kati ya mabenchi kwa ubavu, kwa sababu palikuwa pembamba, akiomba radhi kwa kila goti. Alipofika kwenye sakafu tupu viatu vyake vilianza kusikika. Pasta alimwuliza anaenda wapi. Aliendelea kutembea. Pasta akampa mzee mwingine sinia, akamfuata, mzee wa watu na mguu wake mbaya, akiita jina lake kwa upole kama unavyoita ng'ombe aliyeingia shamba la mtu. Mama alifika kwenye benchi, akavunja kile kipande kidogo katikati, nusu akala yeye, nusu akampa kaka yake.

"Mama Faida," Pasta akasema, "huo mukate, murudishe."

"Tuurudishe namna gani? Ameisha kuumeza."

Hakuwa amemeza. Sote tuliona shavu lake. Mjomba akameza haraka, kwa sauti, na watoto wa mikeka tukacheka hadi tukazibwa midomo na wakubwa waliokuwa karibu.

"Basi na weye utakaa huku," Pasta akasema.

"Ndiyo nimekuja kukaa."

Akakaa. Mjomba akasogea kumpa nafasi. Mama akashusha pumzi, akainua macho kutazama mbele, kule alikokuwa amekaa miaka yote akiwa ameupa ukuta mgongo, na niliona mikono yake ikilegea.

Pasta Asukulu alikuwa amebaki katikati ya sakafu. Alikuwa amemaliza kazi yake ya kuadhibu na sasa ilimpasa kurudi jukwaani, na njia ya kurudi ilikuwa moja tu. Aligeuka.

Nilikuwa nimemwelekea, namwona uso mzima. Alisimama. Mzee mwenye sinia alimngojea, kwaya ikamaliza ubeti na haikujua kama ianze mwingine. Pasta akakunja macho, akayafungua, akarudi hatua moja nyuma, kisha hatua nyingine, taratibu, kama alivyokuwa akifanya mjomba uani kwetu, mpaka akawa amekaribia kabisa benchi la mahabusu na mgongo wake umejaa mbele ya waliokaa pale.

Kanisa zima likamsikia mama yangu, kwa sauti ile ya kwaya ambayo haikuwahi kujua kunong'ona:

"Pasta, sogea kidogo. Unatuziba."